Rizista Mbili Chini ya Gundi

Baba yangu alipopoteza sauti nilikuwa na miaka thelathini na minane na nilikuwa najiona fundi. Kibanda changu kipo Karatu, nyuma ya barabara kubwa, mahali ambapo watalii wanaokimbilia geti la hifadhi hawafiki hata kwa bahati mbaya. Natengeneza redio, runinga, taa za sola na spika za baa. Wafugaji kutoka Nainokanoka huniletea redio zao ndogo zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, wanakaa kwenye benchi wakinitazama mpaka zinapoanza kuongea, kisha wanaondoka. Kazi hiyo imenilisha miaka mingi. Imenipa na kiburi, na ninayoyaandika hapa yametokana na kiburi hicho.

Nyumbani kwetu ni juu zaidi, mashamba yanapokutana na msitu, ambako nyati wakitoka usiku asubuhi huna mahindi. Sisi ni Wairaqw. Baba alilima, alikuwa mzee wa kanisa, na zaidi ya hayo alikuwa mtu wa slufay. Kwa asiyejua, slufay ni sala ndefu ya kubariki. Mzee husimama mbele ya watu, akaombea ardhi, mvua, ng'ombe, nyumba, anayeolewa na anayeoa, na kila akifika mwisho wa fungu hutua kidogo, na watu wote waliopo huitikia kwa pamoja. Maneno yenyewe ni Kiiraqw cha ndani, cha wazee. Mimi nayafuata kwa kusikia, sikuwahi kujifunza kuyasema. Kuitikia ni jambo jingine, hakuhitaji elimu yoyote. Ni neno fupi lile lile kila mara, na hata mtoto aliyebebwa mgongoni hulijua kabla hajajua jina lake. Lakini bila neno hilo kazi yote ni bure. Baba aliamini kwamba baraka isipoitikiwa haijamfikia mtu, ni mzee tu amesimama anaongea peke yake.

Uvimbe ulimwanzia kooni. Alikaa nao akinywa maji ya moto na tangawizi kwa muda ambao mpaka leo nikiufikiria hasira zinanipanda, kwake na kwangu. Tulipomfikisha hospitali ya rufaa walimkata, wakampiga mionzi, wakamrudisha nyumbani na kitu ambacho hakikuwa sauti. Ilikuwa pumzi yenye umbo la maneno. Ili umsikie ulipaswa kuinamisha sikio mpaka kwenye mdomo wake, na mtu aliyekuwa akisimama mlangoni akaita ng'ombe ng'ambo ya bonde wakageuka, sasa alikuwa akigonga kikombe kwa kijiko ili apewe chai. Daktari alinivuta pembeni akaniambia ugonjwa umeshashuka kifuani. Nadhani baba alijua bila kuambiwa.

Katika hali hiyo ndipo mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba wetu, alipochumbiwa. Mchumba alikuwa Mchagga, dereva wa watalii, kijana mstaarabu ambaye sikupata cha kumlaumu ingawa nilitafuta. Posa ilipokelewa, mahari ikazungumzwa, ikabaki sherehe ya kumuaga binti, ile tunayoiita sendofu, pale ukumbini Karatu. Baba mdogo alikuja kutoka Mbulu akashauri kwa upole kwamba atafutwe mzee mwingine wa kufanya slufay, na baba akae tu pembeni yake kwa heshima. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamvuta shati, akamwinamisha, akasema maneno ambayo baba mdogo alitutamkia sisi wengine kwa sauti, uso umemshuka.

"Anasema amebariki binti za watu maisha yake yote. Anauliza, wa kwake abarikiwe na mtu wa kukodi?"

Halafu baba akanigeukia mimi. Alinionyesha koo lake kwa kidole, akaonyesha redio iliyokuwa dirishani, akaonyesha mikono yangu. Hakuhitaji kunong'ona chochote. Nilisema, "Nitatengeneza, baba." Nilisema haraka mno, kama mtu anayepokea kazi ya mteja.

Maiki ya kawaida ilishindwa siku hiyo hiyo. Inataka mtu mwenye sauti. Ukiipandisha mpaka inase pumzi, inanasa pia upepo, kuku na jirani, kisha inaanza kupiga mluzi. Nilichohitaji ni priamp, kile kifaa kidogo kinachokaa kati ya maiki na amplifaya. Priamp hunyanyua sauti ndogo mpaka ifikie kimo cha kutumika, na amplifaya huipokea hapo na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Niliamua kujenga ya kwangu mwenyewe, yenye nguvu ya kunyanyua isiyo ya kawaida. Nilitoa maiki ndogo kwenye vifaa vya masikioni vya simu iliyokufa, nikaifunga kwenye waya mgumu ili ikae karibu kabisa na mdomo. Nilichagua transista moja moja, nikitupa zile zenye kelele za kukaanga. Nilitumia betri ili umeme wa ukutani usilete mvumo, na sakiti yote nikaiweka ndani ya kopo la bati la kahawa. Ilinichukua wiki mbili. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, na nasema hivyo bila kujisifu, maana hakuna tena cha kujisifia.

Jaribio la kwanza tulilifanya nyumbani, kwa kutumia redio kuukuu ya kaseti kama amplifaya. Nilimvalisha baba ile maiki, nikafungua. Akanong'ona jina la mama. Mama alikuwa jikoni, nyumba ya pili, akaitika. Akatoka anapangusa mikono, akasimama uani akitutazama, kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi akalia. Baba alicheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika, na kwenye spika kicheko kile kikasikika. Sauti ilikuwa na mikwaruzo na nyuma yake kulikuwa na mchakacho kama wa mafuta kikaangoni, lakini ilikuwa yake. Nikisema nilikuwa na furaha siku ile nitakuwa nimesema kidogo.

Tatizo lilikuwa ukumbi. Redio ya kaseti haiwezi kujaza ukumbi wa watu mia mbili, kwa hiyo nilihitaji amplifaya kubwa, na mwenye amplifaya kubwa Karatu ni mmoja tu, yule anayekodisha muziki wa sherehe, aliyehamia kutoka Arusha zamani. Mimi na yeye hatukuwa tunapikika chungu kimoja. Miaka michache nyuma niliwahi kubuni chaja ya sola ya taa na simu, akanunua moja, akaifungua, akainakili, na baada ya muda zikawa zinauzwa dukani kwake barabarani. Alipokutana nami alicheka akaniambia biashara ni biashara, kaka. Tangu hapo kila nilichobuni nilikimwagia gundi, ile ya mirija miwili inayochanganywa na kuwa ngumu kama jiwe. Atakayetaka kujua ndani kuna nini avunje.

Alinipa amplifaya yake ya akiba na spika mbili, bila maneno mengi. Aliniambia tu, "Fundi, si upitishe mzee kwenye miksa yangu? Kama itakuwa ndogo napandisha, kama itakuwa kubwa nashusha." Nilimjibu kwamba miksa yake ina kelele. Ilikuwa kweli kidogo. Kweli kubwa ni kwamba sikutaka mkono wake kwenye sauti ya baba yangu, wala jicho lake ndani ya kopo langu.

Amplifaya ile haikuwa na kitasa cha kuzungusha kuongeza au kupunguza sauti. Mwenyewe alikuwa ameving'oa vyote na kuunganisha kwa ndani ifanye kazi wazi muda wote, kwa sababu kwenye sherehe kila aliyekunywa anajiona fundi na anapita akizungusha. Nilipoiunganisha na priamp yangu kibandani, spika zililipuka kwa ule mchakacho wa mafuta. Ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Sababu niliijua: amplifaya ile inatosheka na kidogo sana kuingia, na priamp yangu ilikuwa ikimwaga kingi. Ukikutanisha vitu viwili vya namna hiyo lazima uvipatanishe. Unaweka katikati rizista mbili, vile vipande vidogo vya kubana umeme, moja inabana njia na nyingine inamwaga kilichozidi, na kazi yote ipo katika kuchagua kiasi. Ukipunguza kidogo, kelele zinabaki. Ukipunguza sana, unatupa kelele pamoja na sauti.

Nilifikiria wakwe. Niliwaona wamekaa safu ya mbele na suti zao za Moshi, wakitazamana spika zinapochakacha, na yule mwenye muziki amesimama kwake anatabasamu. Nikapunguza. Nikapima kwa kunong'ona mwenyewe kwenye maiki, nikasikia mchakacho umebaki kwa mbali, nikapunguza tena. Nikanong'ona tena. Sauti yangu ilitoka safi, nyororo, bila doa. Nikaridhika.

Nilipima kwa mnong'ono wangu. Mtu mzima mwenye mapafu mazima akinong'ona bado anasukuma hewa ya kutosha kuzima mshumaa, na baba wakati huo, wiki tatu baada ya lile jaribio la uani, alikuwa akipumzika mara mbili kati ya kitanda na mlango. Mama aliniambia nimpandishe baba gari nimlete kibandani ajaribu mwenyewe. Nilisema apumzike, atunze pumzi kwa siku yake. Ilionekana huruma. Ukweli ni kwamba sikutaka kumsikia. Kila mara niliposikia sauti ile nilisikia pia kile alichoniambia daktari, na nilikuwa nimechoka. Ningeweza basi kuweka kitasa kidogo badala ya rizista za kudumu, ili lolote likitokea niongeze. Nilikataa kitasa kwa sababu zile zile zilizomfanya yule mwenye muziki ang'oe vya kwake, na kwa sababu kitasa kina mkwaruzo. Nikachanganya gundi, nikazifunika zile rizista mbili, nikaimimina mpaka ukingoni mwa kopo. Asubuhi yake ilikuwa imekauka kabisa.

Sherehe iliwekwa mchana ili baba asichoke na wageni wa Mbulu wawahi kurudi. Alivaa koti lake la kanisani, ambalo sasa lilimning'inia, na fimbo yake mkononi. Mdogo wangu alikuwa amepambwa mpaka nikamwona kama mtu mwingine. Wakati wa kufunga mitambo yule mwenye muziki alinijia akaniuliza kama mzee ameshajaribu. Nilimwambia nimeshapima. Akasema sawa. Hakuuliza tena, na siwezi kumlaumu, maana niliongea naye kama anayefukuza nzi.

Mshereheshaji alimtangaza baba kwa mbwembwe zake. Watu walinyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kwa heshima, kwa sababu nusu ya ukumbi walikuwa watu waliobarikiwa naye kwenye harusi zao. Wazee wa Mbulu walivuta viti mbele. Nilimvalisha maiki, nikakaa chini ubavuni pake, bega langu likigusa koti lake, pembeni ya meza yenye amplifaya. Simu zikainuliwa kurekodi. Baba akaanza.

Mimi nilimsikia. Kwa ukaribu ule nilisikia pumzi yake yenyewe, neno kwa neno, ile sala niliyoisikia tangu utotoni ikipanda na kushuka pale inapopanda na kushuka. Kwenye spika hakukuwa na kitu. Ukitega sikio sana ulisikia kama mtu anafunua kurasa za kitabu chumba cha pili. Alifika mwisho wa fungu la kwanza, akatua. Wazee wa mbele walikuwa wameinama na viganja masikioni, nao hawakujua kama ametua au anaendelea. Sahani moja iligonga jikoni. Baba alisubiri, kisha akaanza fungu la pili.

Nilichomoa bisibisi mfukoni nikaanza kuchimba gundi. Yule mwenye muziki alikuwa ameshafika, amechutama kando yangu.

"Ongeza," alisema.

"Hakuna pa kuongezea."

Alilichungulia kopo. Aliiona gundi, na nilimwona akielewa imemwagwa kwa ajili ya nani. Alikimbia kwenye miksa yake akavuta waya kuuleta upande wetu, waya ukaishia katikati ya ukumbi, akarudi kutafuta mwingine. Baba alitua mara ya pili, akasubiri, akaendelea. Bisibisi iliteleza juu ya ile gundi, nikaikandamiza kwa nguvu zote, na ncha yake ikazama mahali ambapo haikutakiwa kuzama. Spika zilipiga kishindo kimoja kilichowafanya watoto walie, kisha zikafa kabisa. Nilikuwa nimekata bodi ya sakiti.

Baba alishtuka, akashika fimbo kwa mikono miwili, lakini hakuacha. Alimaliza slufay yote. Kila fungu alitua. Niliinua macho mara moja nikaona wakwe wameinamisha vichwa na kufumba macho. Walidhani ni sala ya kimya. Mdogo wangu alikuwa akimtazama baba usoni, machozi yanachora njia kwenye poda. Baba alipomaliza alibaki amesimama, ukumbi wote ukamtazama, hakuna aliyejua kama imekwisha. Mshereheshaji, ambaye kazi yake ni kuua ukimya, akasema tumpigie mzee wetu makofi. Wakapiga, kwa upendo kabisa, na vigelegele vikafuata, na muziki ukafunguliwa. Baba alikaa chini. Sikumwona akimtazama mtu yeyote.

Nilisubiri alaumiwe mtu. Hakuna aliyelaumu. Baba mdogo aliniambia mashine ni mashine, na shangazi mmoja akanipa soda. Yule mwenye muziki alikusanya waya zake, akaniambia pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, jambo ambalo lilinichoma kuliko kama angecheka. Jioni video zilianza kuingia kwenye kundi la familia. Nilizifungua zote nikiwa na simu sikioni. Zilinasa mtoto aliyekuwa akikohoa, viti, sahani, bisibisi yangu ikikwaruza, na kile kishindo. Katika zote baba anafungua na kufunga mdomo.

Kesho yake mchana nilipanda nyumbani. Alikuwa amekaa kwenye kiti nje, blanketi mabegani, ametazama shamba. Alikuwa amebakiza wiki tano za kuishi, ingawa sisi tulikuwa tunahesabu miezi. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza yote: amplifaya isiyo na kitasa, rizista, gundi, na kwa nini niliiweka. Nilitaka anikaripie. Nilichuchumaa mbele yake, nikaanza kueleza, akaniwekea kiganja kifuani ninyamaze. Kisha akanivuta, nikaweka sikio mdomoni pake kama tulivyozoea.

"Wewe ulikuwa karibu," alisema.

Nikasema ndiyo, nilikuwa karibu.

"Ulikuwa unanisikia?"

Nilimwambia nilisikia kila neno, tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilidhani hilo litamfariji. Alivuta pumzi, akaikusanya, na ilimchukua muda.

"Mbona hukuitikia?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa natengeneza mashine. Ndilo jibu nililokuwa nalo. Akatikisa kichwa taratibu, mkono wake bado umeshika kola ya shati langu, akanivuta tena karibu, kwa sababu alikuwa hajamaliza.

"Kila nilipotua," alisema, "nilikuwa nakungoja wewe."